Presha ya Jicho Lililopigwa Leza: Namba Ndogo Isikudanganye

Barua za safari hii nimezichagua kwa makusudi, manake tangu watu waanze kwenda Nairobi na India kuvua miwani kwa leza, swali moja lanijia kila mara kwa sura tofauti. Watu washafanya leza, waona vizuri, alafu siku wakipimwa presha ya macho wapewa namba ndogo wafurahi. Tuanze na huyu wa Kisauni, yeye ntamjibu kwa urefu.

SWALI: Asalaam aleikum daktari. Mie kijana wa Kisauni, zamani nikivaa miwani mizito, namba -7 macho yote mawili, nikaenda India nikafanya LASIK na alhamdulillahi mpaka leo natembea bila miwani. Shida yangu ni hii, babangu jicho moja lilipofuka kwa presha ya macho na sisi watoto tukaambiwa tuwe twapima. Nikapita kwenye kambi ya macho ya bure hapa mtaani, nikapulizwa hewa, nikaambiwa presha ni 11, safi kabisa kama ya mtoto. Baadaye kidogo nikaenda kliniki moja ya mjini, hao walinipima kwa ile mashine ya taa ya buluu wakasema 15. Nikauliza mbona imepanda, nikajibiwa zote ni nomo. Sasa ya kweli ni ipi? Na niachane na hii habari ama niendelee kufuatilia?
– Msomaji, Kisauni

JIBU: Waaleikum salaam mwanangu. Zote mbili siziamini, na si kwamba mtu kakudanganya, ni jicho lako lenyewe ndo linazidanganya mashine. Presha yako ya kweli huenda iko juu ya hizo namba zote mbili. Na usiachane nayo hata kidogo.

Jicho ndani lina maji yanayotengenezwa kila saa na kutoka kidogo kidogo, njia ya kutokea ikiziba presha inapanda, na ikikaa juu inakula neva ya jicho kule nyuma. Hiyo ndo glakoma, huku kwetu watu waiita presha ya macho tu. Haiumi, aina hii ya kawaida, na huanza kula pembeni ya uoni, kwa hivo mtu asoma gazeti sawasawa na huku pembeni kushaanza kwenda, na kilichokwenda hakirudi. Ndo maana twapima. Kawaida huhesabiwa 10 mpaka 21, kwa milimita za zebaki, japo kuna watu neva zao huharibika presha ikiwa chini ya 21, kwa hivo hata kwa mtu asofanya leza hiyo namba si kinga.

Sasa hizi mashine hazingii ndani ya jicho. Zote zasukuma konea, kile kioo cha mbele, zikaangalia kinabonyea vipi. Ile ya taa ya buluu ndo ya Goldmann, daktari wa Uswisi aliyeitoa miaka ya 1950, na mpaka leo ndo inayotumika kuzikagua nyengine. Watiwa tone la ganzi na rangi ya manjano, kidevu waweka pale, kikoni kidogo chakugusa jicho. Anayepima akichungulia aona nusu duara mbili za kijani, moja juu moja chini, azungusha kigurudumu cha pembeni mpaka kingo zao za ndani zigusane, alafu asoma. Kigurudumu kimeandikwa kwa gramu, kikisimama kwa 1.5 presha ni 15. Pale kwenye ncha konea inalazwa bapa kwa upana wa milimita 3.06, na huo upana haukuja ovyo, Goldmann aliona kwa upana huo ugumu wa konea unaosukuma nje na machozi yanayovuta ndani vyakatana, kwa hivo kinachobaki ni presha peke yake. Lakini hesabu hiyo yake ilikuwa ya konea nzima isoguswa, yenye unene wa mikroni 520 hivi, mikroni moja ni milimita moja ukiigawa mara elfu.

Wewe konea yako si hiyo tena. LASIK yakata kifuniko chembamba, mikroni 100 mpaka 160 kutegemea kifaa, chafunuliwa, leza yachonga chini yake, alafu chafunikwa. Kila namba moja ya miwani yaondoka na mikroni 12 mpaka 15 hivi, yaweza kuzidi kama eneo lililochongwa ni pana. Namba saba basi, wewe umepunguzwa mikroni 84 mpaka 105. Ulikuwa na 545 tuseme, sai una 450 hivi. Tena si unene tu, kifuniko hakishikani tena na chini yake kwa nguvu ile ya zamani, na katikati pamelazwa pakawa bapa zaidi. Chukua tairi ya tuktuk ilokwisha kashata na nyengine mpya, zijaze upepo sawasawa alafu bofya kwa kidole gumba, ile ilokwisha utaiona laini ukasema haina upepo.

Tafiti zilizolinganisha watu kabla na baada ya LASIK zaonyesha Goldmann husoma chini kwa wastani wa 2 mpaka 5 hivi, na kwa aliyekuwa na namba kubwa kama wewe yaweza kuwa zaidi. Ya kupuliza hewa nayo yadanganyika vivyo hivyo. Kwa hivo 11 na 15 zako ni mashine mbili, saa mbili tofauti, mikono miwili tofauti, hazilinganishiki kabisa, huwezi kusema imepanda wala imeshuka. Alafu presha yenyewe hubadilika kutwa, wengi huwa juu asubuhi mapema, na ukibana pumzi ama ukikaza kope kwa kuogopa kupulizwa, ama kola imekubana shingo, namba yapanda hapo hapo.

Watu wa kambi usiwalaumu. Nina hakika waliuliza kama umewahi kufanyiwa opresheni ya macho, na wewe ukasema la. Wengi wasema la. Manake hukulazwa, hukushonwa, ulitoka siku hiyo hiyo ukaenda kula biriani, moyoni mwako hiyo si opresheni. Na mtu wa kambi mwenye foleni mpaka barabarani hawezi kuiona, LASIK ilopona vizuri yataka uitafute kwa mashine ya kuangalizia ndo uone alama ya ukingo wa kifuniko. Kuanzia leo kila anayekugusa macho, hata optishani wa miwani ya jua, neno la kwanza mwambie nimefanya leza, mwaka fulani, nilikuwa namba fulani.

Alafu kuna hili ambalo watu hawaambiwi wakati wa kulipia. Leza imekutoa miwani, haijakubadilisha jicho. Mtu mwenye -7 jicho lake ni refu kwa ndani kuliko la wengine, na hilo refu lenyewe ni hatari ya glakoma, sai bado ni refu vile vile. Ongeza babako, mwenye mzazi ama ndugu wa damu mwenye glakoma hatari yake ni kubwa zaidi. Ongeza kwamba sisi watu weusi hupatwa zaidi na mapema. Utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliotolewa 2002 ulionyesha pia kwamba watu wenye presha ya juu na konea nyembamba ya kuzaliwa hufikia glakoma zaidi. Nasema ya kuzaliwa, si ya kuchongwa na leza, kwa hivo unene unaohitajika kuuliziwa ni ule wa kabla ya opresheni.

Kwa hivyo sasa fanya hivi. Waandikie wale wa India leo, imeili ama WhatsApp, waombe karatasi zako za kabla na za baada. Wataka presha ya kabla na mashine iliyotumika, unene wa konea kabla na baada, vipimo vya mviringo wa konea, namba ya miwani, tarehe na aina ya opresheni. Kliniki zingine hazihifadhi faili milele, zingine zahama, zingine zafungwa, ndo maana nasema leo. Ukizipata zipige picha ujitumie mwenyewe.

Faida yake ni hii. Tuseme kabla ya leza presha yako ilikuwa 17 kwa Goldmann, na ulipopona vizuri, mwezi wa tatu ama wa sita baada ya leza, hutumii tena matone, ikasomwa 12 kwa Goldmann. Presha yako haikushuka, hiyo 12 ndo 17 yako mpya. Mwakani ikisomwa 17 mwengine atakwambia nomo nenda zako, lakini wewe na daktari wako mtajua hiyo imepanda kwa tano, ni kama 22 ya zamani. Bila karatasi hakuna wa kuliona hilo. Na ukikosa karatasi kabisa basi anza leo, chagua sehemu moja, mashine moja, ikiwezekana saa zile zile za siku, upime huko huko kila mara.

Lakini kwa mtu kama wewe mie nataka daktari asiiangalie namba peke yake. Aitazame neva yenyewe kwa kukupanua mboni, siku hiyo usiende na pikipiki yako manake utatoka huoni vitu vya karibu, na jua litakuchoma macho. Akupige skani ya OCT ya neva, ile ya mwanga inayopima unene wa nyuzi zake, akupime na upeo wa macho, kile kipimo cha kuweka uso kwenye bakuli jeupe wabonyeza kitufe kila ukiona kinuru. Hivi vipimo viwili leza haivihadai sana. Kuna kikwazo, neva ya jicho refu mara nyingi imekaa upande, kompyuta ya OCT yaweza kuipaka nyekundu na kumbe ni nzima, ndo maana skani moja haitoshi, twataka ya leo na ya mwakani tuziweke pamoja tuone kama kuna kilichopungua. Ukiambiwa urudi tena baada ya miezi sita usidhani wataka pesa zako tu. Na ndugu zako nao wapimwe, hata ambao hawakuwahi kuvaa miwani.

SWALI: Daktari hujambo, mimi mama wa Tudor. Binti yangu amefanya LASIK Nairobi, siku za kwanza aliona vizuri mpaka akawa atusomea maandishi ya matatu ikiwa bado iko mbali. Imeingia wiki ya tatu sasa macho yameshika ukungu, usiku taa za daraja la Nyali anaziona zimetawanyika. Alienda kliniki moja ya hapa wakasema ni uvimbe chini ya kifuniko, aongeze yale matone ya steroidi kila saa. Presha walipima wakasema 8, haina neno. Ameongeza na ukungu ndo kwanza unazidi. Nifanyeje?
– Mama, Tudor

JIBU: Mama, wewe nilikupigia simu siku ile ile barua ilipofika, hii si ya kungojea toleo. Naiweka hapa kwa ajili ya wengine.

Neno lilonishtua si ukungu, ni "wiki ya tatu" ikiwa pamoja na "matone" na "8". Uvimbe wa chini ya kifuniko upo kweli, na dawa yake kweli ni steroidi, lakini huo kawaida hujitokeza siku za mwanzo mwanzo, ndani ya wiki ya kwanza. Ukungu ukija baada ya hapo, mtu bado yuko kwenye steroidi, daktari afikirie kitu kengine kwanza.

Steroidi zapandisha presha ya macho kwa baadhi ya watu. Karibu theluthi ya watu hupanda kiasi fulani, na wachache, kama 5 katika 100, hupanda sana. Hutawajua kwa sura, na huwa baada ya wiki kadhaa za kutia. Sasa kwa aliyefanya LASIK presha ikipanda, maji ya ndani ya jicho yapenya kwenye konea yakaenda kukusanyika pale chini ya kifuniko, manake hapo hapashikani vizuri. Panakuwa na kidimbwi. Ukungu wa binti yako waweza kuwa ndo huo. Alafu mpimaji akaja na mashine yake akagusa katikati kabisa, juu ya kidimbwi, mashine ikapima ulaini wa kile kidimbwi, ikasoma 8, na ndani ya jicho presha yaweza kuwa 30 ama 40. Daktari akiona 8 atulia, akiona ukungu aongeza steroidi, steroidi zaongeza presha, presha yaongeza maji, ukungu wazidi. Majarida ya madaktari yashaandika wagonjwa waliopoteza sehemu ya uoni kwa mzunguko huu huu huku namba zao zikisomwa nzuri kila wiki.

Cha kuomba, na uombe kwa adabu lakini usitoke bila kupewa, ni presha ipimwe pembeni ya konea, nje ya eneo lililochongwa. Goldmann haifai kwa hilo. Kuna kalamu ndogo ya kupimia, Tono-Pen ndo jina lake, ama ile ya rebaundi, iCare, inayorusha kipini chepesi kikagusa na kurudi, hizo zaweza kuguswa pembeni. Pembeni ikisoma juu sana kuliko katikati, mambo yashajulikana. Na kama wana OCT ya mbele ya jicho wamuangalie kama kuna mstari wa maji chini ya kifuniko. Ikiwa ndo hilo, daktari hupunguza ama huondoa steroidi na kutia matone ya kushusha presha, na mara nyingi ukungu waondoka vizuri. Asiache matone mwenyewe nyumbani kwa kusoma hapa, manake kama ni uvimbe wa kweli ama bakteria kuacha kunaleta mengine, lakini aonwe leo, si Jumatatu. Na waliomfanyia Nairobi wapigiwe simu huku akiwa njiani, hao ndo wenye faili yake, daktari azungumze na daktari.

SWALI: Shikamoo daktari. Mimi nauza viatu Mwembe Tayari, vumbi na moshi wa magari kutwa, macho yananiwasha sana. Nilifanya leza ile ya PRK. Kuna matone nanunua duka la dawa, nikitia tu muwasho unakwisha na wekundu unakwisha, nimezoea. Yana shida?
– Mfanyabiashara, Mwembe Tayari

JIBU: Marahaba. Yana shida, na kwako wewe zaidi ya kwa jirani yako. Dawa inayoondoa wekundu haraka hivo na mtu akaizoea, mara nyingi ndani mna steroidi. Angalia boksi, jina la dawa lenyewe si la kampuni, ukiona linaishia na "sone" ama "lone", dexamethasone, betamethasone, prednisolone, fluorometholone, hiyo ndo yenyewe. Zingine zimechanganywa na antibayotiki kwenye chupa moja kwa hivo mtu adhani ni ya bakteria tu. Hata krimu za kung'arisha uso zingine zina steroidi kali, na ukipaka kila siku karibu na macho yafika.

Kwenye PRK hamna kifuniko, kwa hivo ile hadithi ya kidimbwi ya binti wa Tudor haikuhusu sana, lakini konea yako nayo imechongwa na namba yasoma chini. Yaani watumia dawa inayopandisha presha, na mashine ambayo haitaiona vizuri ikipanda. Nenda upimwe, chukua chupa mkononi usiielezee kwa rangi ya kifuniko. Muwasho una dawa zake zisizokuwa steroidi, za aleji, na maji safi ya baridi ya kukanda, na usiyasugue macho, konea ilopunguzwa haitaki kusuguliwa.

SWALI: Niaje dokta, nimesoma mahali kwamba kuna fomula, unajumlisha kulingana na unene wa konea unapata presha ya kweli. Si hivo tu basi mtu ajihesabie? Na kuna mashine gani isiyodanganyika?
– Mwanafunzi, Likoni

JIBU: Fomula zipo na ndo tatizo, ziko nyingi na kila moja yatoa jibu lake. Ehlers wa Denmark mwaka 1975 aliona kosa la presha kama 5 kwa kila mikroni 70 za unene, wengine waliokuja baadaye wakapata kosa dogo zaidi ya hilo. Ukimchukua yule wa Kisauni, mwenye 450 badala ya ile 520 ya Goldmann, kwa Ehlers utamuongezea kama 5 juu ya Goldmann, kwa mwengine 2. Mmoja atibiwe, mwengine aende nyumbani, na ni jicho moja. Tena hizo hesabu zilitokana na konea zisoguswa, nene na nyembamba za kuzaliwa, hazikujua habari ya kifuniko. Zaweza kusaidia kusema kitu juu ya kundi la watu elfu, kwa mtu mmoja aliyekaa mbele yako ni kubahatisha.

Mashine isiyodanganyika kabisa hakuna, zenye afadhali zipo. Ya Pascal, ya Uswisi, ncha yake ina umbo la konea, haiibonyezi kuwa bapa, ina kihisio kati kinachosoma presha ikipanda na kushuka na mapigo ya moyo, kwa waliofanya LASIK tafiti zimeiona inabaki karibu na namba ya kabla. Kuna ORA ya Marekani ambayo yapuliza hewa lakini yaangalia konea ikiingia na ikirudi, ikapima na unyumbufu wake, alafu yatoa namba ilorekebishwa. Kuna Corvis ya Ujerumani, nayo yapuliza huku kamera ikipiga picha zaidi ya 4,000 kwa sekunde. Yule kijana wa kambi na hii Corvis wote wakupuliza tu ukiangalia kwa nje, lakini si kipimo kimoja, usije ukasema "mie nishapulizwa".

Sasa hizi si vitu vya kila kliniki, hapa Mombasa wengi utawakuta na Goldmann, ya hewa na iCare. Mie sisemi upande SGR kwa ajili ya mashine. Goldmann ile ile, mkono ule ule, na karatasi za kabla, zanitosha kumfuatilia mtu pamoja na neva yake. Mashine ghali bila historia ni namba nyengine tu. Ila kama neva yaonekana ina walakini na presha yasoma nzuri nzuri, hapo ndo safari ya Nairobi ina maana. Ah na mambo ya "dokta niaje" na wewe siku ukija kliniki uje na shikamoo.

SWALI: Daktari, mimi ni mzee wa Mji wa Kale, nilifanya kazi Dubai miaka mingi na huko ndiko nilikofanya LASIK. Sasa nina mtoto wa jicho, nimeambiwa nitawekewa lenzi. Je ile leza ina neno? Na presha?
– Mzee, Mji wa Kale

JIBU: Shikamoo mzee wangu. Ina neno, lakini halizuii opresheni. Lenzi ya kuwekwa huchaguliwa kwa kupima urefu wa jicho na mviringo wa konea, na mashine za kawaida zikikutana na konea ilochongwa zaihesabu kuwa na nguvu kuliko ilivyo, kwa hivo huchagulia mtu lenzi dhaifu, akatoka ameondolewa mtoto wa jicho lakini mbali haoni vizuri na karibu ndo kabisa. Zipo hesabu zilotengenezwa kwa watu wa leza, kama Barrett True-K na Haigis-L, na zingine hazihitaji hata zile karatasi za zamani, ila ukiwa nazo ni bora zaidi. La muhimu anayekupima ajue kabla, si baada. Hata ukiwa na karatasi ya Dubai ya Kiarabu ilete, hapo Mji wa Kale hukosi wa kuisoma.

Ya presha, ni kama nilivyowaambia wenzako hapo juu, yasomwa chini. Na baada ya mtoto wa jicho utapewa matone ya steroidi kwa wiki kadhaa, kwa hivo mwombe akupime presha kabla ya opresheni na kila ukirudi, na aandike kwenye kitabu chako namba, saa na jina la mashine. Ukiona namba baada ya matone imepanda kuliko ile ya kabla, hata kama bado yaitwa nomo, muulize.